Mpiga Kodiani wa Cleveland

Ndugu msomaji, pengine umewahi kusikia sauti ya kodiani. Huko Unguja hupigwa katika taarab. Huko Kenya, Wakikuyu huipiga wanapocheza mwomboko. Katika somo hili utasoma habari za Frankie Yankovic, Mmarekani aliyeishi kwa kupiga kodiani.

Kodiani ni nini?

Kodiani ni kinanda kinachobebwa kifuani. Katikati kina mivukuto, kama ile ya mhunzi. Mpigaji huivuta na kuisukuma. Upepo hupita kwenye vibamba vyembamba vya chuma, navyo hutetema na kutoa sauti. Vidole vya mkono wa kulia hupiga wimbo. Vya mkono wa kushoto hupiga besi. Kwa hiyo vidole ndivyo jembe la mpiga kodiani. Likumbuke neno hili.

Utoto wake

Yankovic alizaliwa mwaka 1915 katika jimbo la West Virginia. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Slovenia, nchi ndogo ya milima huko Ulaya. Alikulia mjini Cleveland, ambako Waslovenia wengi walifanya kazi viwandani. Nyumbani kwao waliishi wapangaji. Jioni waliimba nyimbo za kwao, na mmoja wao alikuwa na kodiani ya vifungo. Frankie akajifunza kwake.

Baba yake hakuamini kwamba muziki unaweza kumlisha mtu. Lakini Frankie alipofika miaka 16, mama yake alimnunulia kodiani kubwa kwa siri. Akaanza kupiga polka katika harusi na sherehe. Polka ni dansi ya Ulaya yenye hatua za haraka.

Mwaka 1938 alitaka kurekodi nyimbo zake. Makampuni ya sahani za santuri hayakumtaka. Akatoa fedha zake mwenyewe, akarekodi.

Vita

Mwaka 1943 aliingia jeshini. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 alipigana Ulaya, penye theluji nyingi. Mikono na miguu yake iliganda kwa baridi. Madaktari walitaka kuikata ili kuokoa maisha yake. Yankovic alikataa.

Fikiri, msomaji. Angekubali, angepoteza kazi yake. Kwa kukataa, angeweza kufa. Kwa bahati njema alianza kupona. Hospitalini alipewa kodiani ili anyooshe vidole vilivyokakamaa. Polepole vidole vikarudia kazi.

Mafanikio

Baada ya vita alikusanya bendi yenye kodiani, banjo, piano na besi. Nyimbo nyingi za Kislovenia aliziimba kwa Kiingereza. Hivyo hata watu wasiojua Kislovenia waliweza kuimba pamoja naye.

Mwishoni mwa mwaka 1947 alirekodi wimbo uitwao "Just Because". Sahani zake zilizouzwa zilipita milioni moja. Mwaka 1948, katika mashindano mjini Milwaukee, alitawazwa Mfalme wa Polka wa Marekani. Wimbo wa "Blue Skirt Waltz", wa mwaka 1949, nao ulipita milioni moja.

Kwa miaka mingi alisafiri mji hadi mji na bendi yake. Mwaka 1986 tuzo ya Grammy ilitolewa kwa mara ya kwanza kwa muziki wa polka. Aliyeipata ni Yankovic. Alifariki mwaka 1998 katika jimbo la Florida, akiwa na umri wa miaka 83. Nyimbo walizoimba wapangaji jioni zilikuwa zimefika mbali na nyumba ile ya Cleveland.

Maswali

1. Kodiani hutoaje sauti?
2. Nani alimnunulia Yankovic kodiani kubwa? Kwa nini kwa siri?
3. Alifanya nini makampuni yalipomkataa?
4. Kwa nini aliimba kwa Kiingereza?
5. Zungumzeni darasani: Je, alifanya vyema kukataa ushauri wa madaktari? Toeni sababu.
6. Andika sentensi tano juu ya mpiga ngoma au mwimbaji wa kijijini kwenu.