AFYA YAKO: Sukari Inayofichua Saratani ya Ini



Tukisikia "sukari kwenye damu" tunafikiria kisukari. Leo tuongee kuhusu sukari nyingine, ile inayoshikana na protini.

Protini nyingi zinazotengenezwa na ini hutoka zikiwa zimefungwa vijinyororo vya sukari. Vijinyororo hivyo husaidia protini kufanya kazi yake sawasawa. Seli ya ini ikigeuka kuwa ya saratani, ufungaji huo nao hubadilika.

Mfano mzuri ni protini iitwayo AFP. Ini la mtoto aliye tumboni huitengeneza kwa wingi, na baada ya kuzaliwa hupungua sana. Kwa mtu mzima, saratani ya ini mara nyingi huipandisha tena. Tatizo ni kwamba hupanda pia kwa mjamzito, kwa mwenye homa ya ini na kwa mwenye makovu kwenye ini. Sasa daktari atatofautisha vipi?

Hapo ndipo sukari inaposaidia. Seli za saratani hupachika sukari iitwayo fukosi kwenye shina la kijinyororo cha AFP. AFP ya namna hii, yaani AFP-L3, hunaswa na protini itokayo kwenye adesi, hizi hizi tunazopika nyumbani! Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 2005. L3 ikifika asilimia 10 ya AFP yote, hatari ni kubwa na uchunguzi zaidi unahitajika. Lakini zipo saratani za ini zisizopandisha AFP, kwa hiyo usibweteke kwa majibu ya damu peke yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Homa ya ini aina ya B imeenea kwetu Afrika, na wengi waliipata wakati wa kuzaliwa au utotoni. Hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, huku ikiandaa saratani. Hapa Marekani, tangu 2023 inashauriwa kila mtu wa miaka 18 na zaidi apimwe angalau mara moja.

Ukikutwa nayo, usione aibu. Haiambukizwi kwa kula sahani moja. Dawa za kuidhibiti zipo. Muulize daktari kama unahitaji altrasaundi ya ini kila miezi 6. Ukikutwa huna, omba chanjo.

Usisubiri maumivu. Nenda ukapime, na mpeleke mwenzio.