Insulini na Uzito wa Mwili

Mgonjwa wa kisukari aanzapo kudungwa insulini, aghalabu huongezeka uzito katika miezi ya mwanzo. Jambo hilo huwakera hasa vijana, na wako wanaopunguza dawa kwa siri ili wakonde. Ili kuelewa hatari ya uamuzi huo, yafaa kuchunguza kwanza sukari ya mwilini huenda wapi.

Damu ya mtu mwenye afya ina takriban gramu moja ya glukosi katika kila lita. Figo huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180 kwa siku. Hivyo gramu 180 hivi za glukosi hupita katika vichujio vyake, na karibu yote hurudishwa katika damu. Lakini uwezo huo una mpaka. Sukari ikizidi gramu 1.8 hivi kwa lita, ziada hutoka na mkojo, nayo huvuta maji mengi. Ndiyo sababu mgonjwa asiyetibiwa huona kiu, hukojoa mara kwa mara, na hukonda ingawa anakula vizuri.

Mwanafunzi na achukue mfano wa mgonjwa anayepoteza gramu 100 za glukosi kila siku. Gramu moja ina kilokalori 4 hivi. Hasara ni kilokalori 400 kwa siku, yaani 12,000 kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi zipatazo 7,700. Insulini ikiuziba mfereji huo, naye akaendelea kula kama zamani, anaweza kuongezeka kilo moja na nusu kwa mwezi. Haya ni makadirio tu, kwani mwili si mizani ya dukani; hata hivyo yanaonyesha kwamba insulini haiumbi unene pasipo chakula. Kazi yake ni kuwezesha glukosi kuingia katika misuli na kuzuia akiba ya mafuta isiyeyushwe ovyo. Tena, sehemu ya uzito unaorudi ni maji na misuli, mali halali ya mwili iliyokuwa imepotea.

Leonard Thompson, aliyedungwa insulini mjini Toronto, Kanada, Januari 1922, alikuwa na umri wa miaka 14 na uzito wa kilo 29 hivi. Kwake kuongezeka uzito kulikuwa ndiko kupona.

Anayeacha dawa ili apungue huirudia hali hiyo ya kale. Seli hukosa chakula ilhali damu imejaa sukari. Mafuta huvunjwa kwa wingi, na ini huyageuza kuwa ketoni zinazotia damu asidi. Mgonjwa hutapika, hupumua kwa nguvu, huzimia, na asipotibiwa upesi hufa.

Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,441, na kutangazwa mwaka 1993, ulipima pande zote mbili. Waliodhibiti sukari kwa makini waliongezeka, baada ya miaka mitano, wastani wa kilo 4.6 kuliko wenzao. Lakini kwa wale walioanza wakiwa na macho mazima, hatari ya kuharibika retina ilipungua kwa asilimia 76. Faida hiyo haina ulinganifu na kilo hizo.

Njia halali ya kupunguza uzito ni kupunguza chakula na dawa kwa pamoja, kwa ushauri wa daktari. Akipunguza ugali bila kurekebisha insulini, sukari hushuka mno: jasho humtoka, mikono hutetemeka, fahamu huvurugika. Hapo gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai katika maji, hutosha. Apime tena baada ya dakika 15, na akiwa bado yuko chini arudie. Wengi kwa hofu humaliza sahani nzima, na kilo huongezeka kwa njia hiyo. Hali hiyo ikijirudia kila wiki, kipimo cha dawa kimezidi mahitaji. Kuendelea kula ili kukidhi sindano ni kuilisha dawa badala ya kumlisha mtu.

Mazoezi nayo hupunguza haja ya insulini, wakati mwingine hadi usiku wa siku ile. Mwalimu wa michezo apaswa kumjua mwanafunzi mwenye kisukari, na mwalimu wa darasa amruhusu kula sukari aliyo nayo mfukoni bila kuomba ruhusa.