POVU LA PLASTIKI NA KELELE ZA MASHUA

Mashua nyingi za siku hizi huundwa kwa faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu ya plastiki. Chombo cha namna hiyo ni chepesi na hakiozi, lakini kina kasoro moja: kina makelele.

Kelele hutoka wapi?
Ubavu wa mashua hiyo ni mwembamba na mgumu, mfano wa ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Wimbi linapoupiga hutetemeka, na uwazi ulio kati yake na sakafu ya ndani huukuza mlio. Injini nayo hupeleka kelele kwa njia mbili: mtetemo hupita katika mwili wa chombo, na sauti husafiri hewani.

Kazi ya povu
Povu la poliyurethani hupatikana kwa kuchanganya vimiminika viwili. Gesi inayotokea huuvimbisha mchanganyiko, nao huganda na kuwa vijishimo vingi vilivyozibwa. Likimiminwa katika uwazi, povu hushika pande zote mbili, na ubavu hauwezi tena kucheza upendavyo. Mlio mrefu hugeuka kishindo kifupi.

Huko Marekani, mashua za Boston Whaler, zilizoanza kuuzwa mwaka 1958, zilijazwa povu kati ya ngozi mbili za faibaglasi. Shabaha kubwa ilikuwa chombo kisizame. Mita moja ya ujazo ya povu lenye uzito wa kilo 32 huweza kubeba takriban kilo 968 zaidi katika maji yasiyo na chumvi.

Mipaka na hatari
Povu hutuliza mtetemo, lakini halizuii vyema sauti ipitayo hewani. Sauti hiyo huzuiwa na uzito: kwa nadharia, ukuta ukiongezwa uzito mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Povu ni jepesi mno kwa kazi hiyo. Tena vijishimo vyake vimezibwa, hivyo humeza sauti kidogo tu. Kwa hiyo chumba cha injini huhitaji bamba zito pamoja na sifongo yenye matundu wazi.

Aidha, povu likizidi kipimo huweza kuututumua ubavu. Mvuke wa vimiminika vyake hudhuru mapafu, na povu likiungua hutoa moshi wa sumu. Maji yakipenya ndani hukaa yasionekane, na chombo huzidi kuwa kizito. Kuling'oa baadaye ni kazi ngumu. Basi yafaa chanzo cha kelele kijulikane kwanza.

Jaribio
Gonga kopo tupu la maziwa kwa penseli. Lijaze sifongo iliyoshindiliwa, kisha gonga tena. Halafu weka saa yenye kengele ndani ya sanduku la karatasi ngumu, na kengele ilie. Zungushia sanduku hilo mifuko ya mchanga, usikilize tena.

Maswali
1. Ni kelele ipi iliyopunguzwa na sifongo, na ipi iliyopunguzwa na mchanga?
2. Kwa nini povu lenye matundu wazi halifai chini ya sakafu ya mashua?