ELIMU KWA UMMA: Mafuta ya Boti na Wakati wa Cheche

Hakuna barabara inayotoka Faza hadi Lamu. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya King Fahd, mwanafunzi anayerudi shuleni na samaki wa Kizingitini wanaopelekwa sokoni, wote hutegemea mashine iliyofungwa nyuma ya boti. Somo la toleo hili ni la manahodha na mafundi wa Lamu Mashariki kwanza, ingawa abiria naye atafaidika akilisoma. Linahusu wakati ambao cheche huwaka ndani ya mashine, jambo ambalo mafundi huliita taimingi, na jinsi wakati huo unavyofungamana na mafuta yaliyomo tangini.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na mafuta. Plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa. Wengi hudhani mafuta hulipuka yote kwa mara moja. Sivyo. Huungua kama moto unavyotambaa kwenye majani makavu: upesi sana, lakini huchukua muda. Cheche ikitangulia kwa kiasi kinachofaa, nguvu kubwa ya moto huikuta pistoni ndiyo kwanza inaanza kushuka, ikaisukuma barabara. Ikichelewa, nguvu nyingi hupotelea kwenye moshi, na boti huwa nzito, mashine hupata joto na mafuta huisha haraka. Ikiwahi mno, moto huipiga pistoni ingali inapanda. Dalili yake utaiona unapovuta kamba ya kuwashia, nayo ikakurudisha mkono kwa nguvu.

Muda wenyewe ni mdogo ajabu. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, digrii moja kati ya 360 za mzunguko hupita katika sehemu moja ya 30,000 ya sekunde. Kwa hiyo kadiri mwendo unavyoongezeka, cheche nayo hubidi iwahi zaidi. Katika mashine nyingi za tustroki, yaani zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili, ukizungusha mkono wa mafuta kuna kijiti cha chuma kinachovuta sahani iliyo chini ya flaiwili. Kwenye mwendo wa polepole cheche huwaka pistoni ikiwa karibu juu kabisa. Kwenye mwendo kamili hutangulia kwa digrii 20 na zaidi. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha mashine yako, wala usikiazime cha mashine ya jirani.

Sasa tuje kwenye mafuta. Kila aina ina tabia yake. Gesi, kwa mfano, hustahimili kubanwa kuliko petroli. Dar es Salaam, ambako bajaji na teksi nyingi zimebadilishwa zitumie gesi asilia pamoja na petroli, baadhi ya magari hufungiwa kifaa kinachowahisha cheche dereva anapohamia kwenye gesi na kuirudisha anaporejea kwenye petroli, kwa kuwa gesi hiyo huungua taratibu zaidi. Gari la petroli na gesi ya mitungi, LPG, nalo huhitaji marekebisho ya aina hiyo.

Mafuta ya taa yako upande wa pili kabisa. Hayastahimili kubanwa. Yakitiwa katika mashine ya petroli, sehemu ya mchanganyiko hujiwakia yenyewe kabla moto wa cheche haujaifikia, na mashine hugonga. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliotozwa mafuta ya taa mwaka 2018 ulikusudiwa kuzuia uchanganyaji huu, na ulipunguza tofauti ya bei. Hata hivyo petroli hufika visiwani kwa majerikeni, hupita mikono mingi, na mnunuzi wa mwisho mara nyingi hajui alichouziwa.

Dereva wa gari husikia mgongo huo akaachia mafuta. Nahodha hasikii. Kuna upepo, kuna mawimbi, na mashine iko wazi nyuma yake ikinguruma kwa mwendo kamili, na boti imejaa. Pistoni hutoboka kimyakimya, na habari humfikia mashine inapozima. Wakati wa kusi, boti isiyo na mashine husukumwa na bahari inakotaka.

Fundi mwenye uzoefu anaweza kuchelewesha cheche ili mgongo upungue. Hilo ni kuficha ugonjwa: nguvu hupungua, joto huongezeka, na siku utakapopata petroli safi mashine itakuwa imeshaharibiwa kipimo chake. Zipo mashine zilizoundwa kwa mafuta ya taa tangu kiwandani. Hizo hubana mchanganyiko kwa nguvu ndogo zaidi, huwashwa kwa petroli, huhamishiwa mafuta ya taa zikishapata joto, na hurudishwa kwenye petroli kabla ya kuzimwa. Mwenye mashine ya kawaida asiige.

Kwa hiyo boti ikipoteza nguvu, usianze na taimingi. Anza na mafuta. Mimina kidogo katika chupa safi, uyaache yatulie: maji yatashuka chini. Kisha toa plagi uzitazame. Vitone vidogo vinavyong'aa kwenye ncha ni chuma cha pistoni kilichoyeyuka; ukiviona, usiende tena baharini na mashine hiyo. Baada ya hapo kagua kijiti cha sahani, kwani chumvi hukila au hulegeza viungo vyake na cheche ikabaki nyuma hata ukifungua mafuta yote. Mwisho ni kabari ndogo ya chuma inayoshikilia flaiwili kwenye shafti. Ikikatika nusu, flaiwili hujisogeza na kipimo chote huharibika. Kupima kwa taa ya taimingi kufuate hayo yote, mashine ikiwa ndani ya maji au pipa lililojaa, maana ikiwashwa pakavu pampu yake ya maji huungua.

Oili nayo isikisiwe kwa jicho. Kwa mashine inayotaka 50 kwa 1, lita 20 za petroli huchukua mililita 400 za oili yenye alama ya TC-W3. Changanyeni nje, mbali na meko na makuti. Waliouona moto wa Faza wa mwaka 2009, ulioteketeza mamia ya nyumba, wanajua jinsi upepo wa hapa unavyoubeba.