Virusi vya Muhogo na Jinsi ya Kuvipima kwa Pamoja

Muhogo haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa pingili zikatwazo katika shina la msimu uliopita. Desturi hiyo humfaa sana mwenye shamba dogo la Chamazi au Mbagala, wilayani Temeke, kwa kuwa jirani humpa jirani mzigo wa pingili bila malipo. Lakini virusi navyo husafiri ndani ya mzigo huo huo, na mche utokao katika pingili yenye ugonjwa huzaliwa nao.

Magonjwa makubwa ni mawili. Batobato, lililoelezwa na Warburg huko Usambara mwaka 1894, hutia mabaka ya manjano katika majani machanga na kuyapinda. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa na H. H. Storey wa kituo cha Amani mwaka 1936, lakini kirusi chake hakikutambuliwa hadi mwaka 2001. Kuchelewa huko hakushangazi, kwani ugonjwa huu ni hodari wa kujificha. Manjano yake hutokea kandokando ya mishipa ya majani ya chini, ambayo ndiyo hupukutika mapema. Mzizi nao waweza kuonekana mzima kabisa mpaka ukatwe, ndipo uonekane uozo mkavu wa kahawia. Tena aina iitwayo Kiroba huvumilia ugonjwa huu na kuzaa vizuri, kwa hiyo pingili zake zaweza kubeba virusi bila mkulima kushuku lolote.

Jicho, basi, halitoshi. Batobato huletwa na virusi vya aina kadhaa, michirizi huletwa na aina mbili, na shina moja laweza kuwa na vyote kwa pamoja. Mchanganyiko huo si jambo dogo. Katika muhogo wa Uganda uliokumbwa na batobato kali, wataalamu walionyesha mwaka 1997 kuwa sehemu za virusi viwili tofauti zilikuwa zimeungana na kufanya kirusi kipya.

Upimaji wa aina hii ni miongoni mwa kazi za kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, Kinondoni. Msingi wake ni PCR, njia iliyobuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. Jani husagwa, asidi za kiini hutolewa, kisha huongezwa kimeng'enya pamoja na praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyonasa mahali maalumu tu katika kirusi kinachotafutwa. Mchanganyiko hupashwa moto hadi nyuzi 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, hupoozwa ili praima zinase, kisha hupashwa hadi nyuzi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Baada ya mizunguko 30, nakala moja yaweza kuwa zaidi ya milioni 1,000.

Virusi vya batobato vina DNA, lakini vya michirizi vina RNA. Kwa hiyo RNA hugeuzwa kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya kingine. Mwaka 2012 ulichapishwa utaratibu wa kutafuta virusi vinne katika kijineli kimoja. Siri yake ni urefu: kila jozi ya praima hutoa kipande cha urefu wake. Umeme upitishwapo katika jeli, vipande vifupi hukimbia zaidi, na kila kirusi huacha mstari mahali pake.

Pana hila moja. Utomvu na kemikali za jani la muhogo zaweza kukizuia kimeng'enya, na jeli ikabaki tupu ingawa virusi vimo. Ndiyo maana hutafutwa pia jeni la muhogo wenyewe, ambalo halina budi kuonekana katika kila sampuli. Aidha, virusi vya michirizi havienei sawasawa katika mti, na kirusi kilicho kingi chaweza kumaliza malighafi na kukifunika kilicho haba.

Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi swali hili. Mashina matatu ya Bunju yamepimwa, kila moja kwa jani moja. La kwanza limeonyesha mstari wa jeni la muhogo peke yake; la pili, mstari huo pamoja na miwili ya virusi; la tatu halikuonyesha mstari wowote. Lipi lichomwe, lipi lipimwe upya, na je, jani moja latosha kuliruhusu la kwanza lipandwe?