TAREHE 25 DESEMBA KATIKA NJIA YA TABORA

Somo la kujifunza katika mwezi wa Desemba
Masomo ya kusoma kwanza: Kutoka 13:17–19, Luka 2:1–7, Waebrania 11:22



Kila mwaka inapofika tarehe 25 Desemba twakusanyika kanisani kukumbuka Kuzaliwa kwake Bwana wetu. Watoto wamevaa nguo mpya, kwaya imejitayarisha, na nyumbani sufuria ziko motoni. Twajua vizuri yaliyotukia Bethlehemu. Lakini je, twajua yaliyotukia tarehe hiyo katika njia yetu wenyewe, ile njia ya zamani ya misafara itokayo Ujiji, ipitayo Tabora, na kushuka mpaka Bagamoyo?

Katika somo hili tutaitazama tarehe 25 Desemba katika miaka minne: 1871, 1872, 1873 na 1877. Tutaona jinsi Krismasi moja ilivyoshikana na nyingine, na jinsi Tabora ilivyokuwa katikati yake.

1. UJIJI, KRISMASI YA MWAKA 1871

Mwishoni mwa mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Henry Stanley, alimkuta Dakta David Livingstone huko Ujiji. Mzee alikuwa amedhoofika, na mali yake ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Siku ya Krismasi Stanley alitaka wale karamu kama ya kwao Uingereza. Mpishi wao, Ferajji, akaharibu chakula: nyama ikaungua, na vitamu vikaungua pia. Wakala walichopata. Tarehe 27 Desemba wakaondoka kuelekea Tabora.

Jambo kubwa la siku zile halikuwa karamu. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alikuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Mbele ya macho yake watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwafyatulia bunduki wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaandika yote aliyoyaona.

Yeye na Stanley walifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tarehe 18 Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley akaagana naye, akashuka pwani amechukua barua zake na kitabu chake cha kumbukumbu. Barua hizo, zilizotoka katika tembe la Kwihara, zilisaidia sana kuamsha mioyo ya watu wa Uingereza. Serikali yao ikamtuma Sir Bartle Frere mpaka Unguja, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko yao.

2. KRISMASI YA MWAKA 1872

Baada ya Stanley kuondoka, Livingstone alikaa Kwihara akingoja wapagazi. Walifika mwezi wa Agosti, zaidi ya watu hamsini. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliolelewa katika shule ya CMS huko Nashik, nchi ya India: Jacob Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar na wenzao. Hao walikuwa Waafrika waliokamatwa utotoni kuwa watumwa, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakasomeshwa na kubatizwa. Walikuwa Waanglikana kama sisi, na Kitabu cha Sala walikijua.

Walikuwapo pia watumishi wake wa zamani. Chuma, Myao, alikuwa amefunguliwa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie wa UMCA. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, katika mto Zambezi.

Msafara uliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872. Tarehe 25 Desemba uliwakuta katika nchi ambayo leo ni Zambia, wakielekea ziwa Bangweulu, katika mvua nyingi na njia za matope. Livingstone akachinja ng'ombe, akamgawia kila mtu fundo moja na nusu la shanga, akaamuru wapumzike, kwa kuwa ni siku kuu. Katika kitabu chake akamshukuru Mungu kwa zawadi ya Mwanawe. Hiyo ilikuwa Krismasi yake ya mwisho. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa.

3. UAMUZI ULIOTHIBITISHWA TABORA

Sasa tuangalie walichofanya. Wangaliweza kumzika pale pale na kwenda zao. Lakini walishauriana, wakakubaliana kuupeleka mwili kwa watu wake. Moyo wake waliuzika Chitambo chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua siku kumi na nne, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Ndipo wakaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,600.

Tarehe 20 Oktoba 1873 Chuma alitangulia kufika Tabora na barua iliyoandikwa na Wainwright. Aliyeipokea ni Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Alikuwa amelala kitandani, mgonjwa wa homa. Mwili ulipofika, Cameron aliona njia ya kwenda pwani ina hatari nyingi, akashauri mazishi yafanyike hapa hapa Unyanyembe.

Ndugu zangu, hebu tujiweke mahali pao. Aliyesema ni ofisa, tena wa taifa la yule marehemu. Wao ni wapagazi, wengine waliwahi kuwa watumwa. Miguu imechoka. Mbele yao kuna Ugogo na hongo zake, kuna njaa na magonjwa. Kama wangalikubali, hakuna ambaye angaliwalaumu. Tena Livingstone mwenyewe aliwahi kuandika kwamba angependa kaburi katika utulivu wa msitu. Hata hivyo wakakataa kwa adabu, wala hawakubadili neno lao. Wakaondoka Tabora na mzigo wao.

Siku chache mbele, huko Kasekera, shida nyingine ikatokea. Wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Hatuwacheki kwa hilo, maana kwetu sisi sote maiti si jambo la mchezo. Basi wale watu wakatumia akili. Walikusanya mabua ya mtama, wakayafunga nguo mfano wa maiti, wakatuma wenzao wachache wayachukue kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Njiani wakayatupa porini, kisha wakarudi kwa siri. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo, mzigo wa kawaida wa msafara. Hivyo ukapita.

4. KRISMASI YA MWAKA 1873: MAHALI PAWILI, SIKU MOJA

Sasa twafika tarehe 25 Desemba 1873.

Unguja, siku hiyo, watu walikusanyika katika uwanja wa Mkunazini. Miezi sita tu nyuma, uwanja ule ulikuwa soko la watumwa. Padre Arthur West wa UMCA alikuwa amenunua sehemu ya uwanja kwa fedha yake, na mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, ambaye si Mkristo, alitoa sehemu nyingine bure. Siku ya Kuzaliwa Bwana likawekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo. Kiongozi wa misheni wakati huo alikuwa Padre Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata aliwekwa wakfu kuwa askofu, na ambaye kwa kazi yake kubwa tulipata Agano Jipya kwa Kiswahili.

Siku hiyo hiyo, bara, kati ya Tabora na pwani, Chuma na Susi na Wainwright na wenzao walikuwa njiani na robota lao. Hapakuwa na kinanda wala kengele. Wa Unguja hawakujua wale wa bara wako wapi, na wa bara hawakujua kwamba jiwe limewekwa. Hata hivyo kazi yao ilikuwa moja. Jiwe lile liliwekwa kwa sababu soko lilifungwa. Na soko lilifungwa, kwa sehemu yake, kwa sababu ya barua za yule waliyekuwa wamemchukua mabegani.

Walifika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Mwili ukalazwa usiku mmoja katika kanisa la Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha ukavushwa Unguja. Tarehe 18 Aprili 1874 ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey mjini London, na Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza.

5. KRISMASI YA MWAKA 1877, NA BAADAYE

Miaka minne baada ya jiwe kuwekwa, tarehe 25 Desemba 1877, ibada ya kwanza ilifanyika ndani ya Kanisa la Kristo, jengo likiwa bado halijamalizika. Mapokeo husema kwamba madhabahu yake yapo pale uliposimama mti wa kuwafunga na kuwachapa watumwa. Humo umo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake.

Na Chuma je? Baada ya kurudi kutoka Uingereza alifanya kazi na UMCA. Aliongoza misafara ya Steere, na mwaka 1876 aliongoza msafara wa watumwa waliowekwa huru waliokwenda kukaa Masasi. Alifariki Unguja mwaka 1882, mwaka ule ule aliofariki Askofu Steere. Askofu alizikwa nyuma ya madhabahu. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachagua jina la Daudi, akafariki mwaka 1891. Matthew Wellington aliishi Mombasa hata mwaka 1935.

MAFUNDISHO KWETU

Kwanza, uaminifu usiolazimishwa. Twasoma katika Kutoka kwamba Musa aliichukua mifupa ya Yusufu, kwa kuwa Yusufu aliwaapisha wana wa Israeli. Lakini Livingstone hakumwapisha mtu. Wale wapagazi walijiapisha wenyewe. Katika parishi zetu mara nyingi twangoja tuamriwe: kasisi aseme ndipo tumtembelee mjane, mzee wa kanisa aseme ndipo tufagie. Hapa Tabora watu wa kawaida waliambiwa kwamba inatosha, nao wakasema bado.

Pili, Kanisa katika njia yetu halikuanza na majengo. Wamisionari wa CMS walipita njia hii baadaye kidogo wakielekea Uganda, wakawa na kituo Uyui, karibu na mji wetu. Lakini kabla yao, vijana Waafrika waliobatizwa walikuwa wamekwisha kuipita Tabora pamoja na Kitabu chao cha Sala. Tusiwafundishe watoto wetu kwamba Injili ililetwa na wageni peke yao.

Tatu, tusijisifu kabla ya wakati. Jiwe liliwekwa mwaka 1873, lakini utumwa haukuisha siku ile. Unguja sheria iliuondoa mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Katikati ya miaka hiyo watu wengi waliendelea kuuzwa katika njia za bara. Jiwe la msingi ni mwanzo tu. Wajenzi wanahitajika kila siku. Mtoto wa mtumishi wa ndani anayefanya kazi bila mshahara na bila shule, leo hii, katika nyumba ya Mkristo, atatuuliza tuliweka jiwe la nini.

Nne, tukumbuke majina. Wapagazi walipofika pwani walilipwa mishahara yao wakatawanyika. Nishani zilipotengenezwa Uingereza baadaye kwa ajili yao, wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Shukrani iliyochelewa huwakosa wenyewe. Katika kanisa letu yuko aliyefyatua matofali ya ukuta huu, yuko aliyechota maji ya kukorogea udongo. Je, tumekwisha kuwashukuru wakingali hai?

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI AU KATIKA MTAA

1. Kwa nini wapagazi hawakukubali kumzika Livingstone Tabora? Ungalikuwa wewe ungalifanyaje?
2. Jairam Senji hakuwa Mkristo, naye alitoa ardhi kwa ajili ya kanisa. Hili latufundisha nini juu ya majirani zetu wa dini nyingine?
3. Ni utumwa gani uliobaki katikati yetu, na parishi yetu yaweza kufanya nini?
4. Taja majina matatu ya watu waliolijenga kanisa lenu ambao hawajaandikwa popote. Yaandikeni kabla ya Krismasi.

TUOMBE

Ee Bwana Mungu, ambaye Mwanao alizaliwa safarini, wala hakupata nafasi katika nyumba ya wageni: twakushukuru kwa ajili ya watumishi wako waliopita katika njia hii wakichukua mzigo mzito kwa upendo. Utupe nasi mioyo isiyosema inatosha kabla kazi haijaisha. Uwafungue wote waliofungwa, utukumbushe wote tuliowasahau. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.