Mama Mjamzito, Usingoje Homa

Mama unayesoma karatasi hii, pengine ulipewa vidonge kliniki ukajiuliza: "Mimi siumwi, dawa ya nini?" Swali lako ni la haki, na jibu lake ni hili.

Malaria ya mjamzito ina ujanja wake. Vijidudu hujificha katika kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Mama anaweza kuchota maji, kutafuta kuni na kupanga foleni ya mgao bila kuhisi homa yoyote, hata kipimo cha kidole kisione kitu, huku damu yake inapungua na mtoto hakui vizuri. Mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati. Mwenye mimba ya kwanza yumo hatarini zaidi, kwa kuwa mwili wake bado haujajifunza kupambana na malaria ya namna hiyo. Nasi hapa Kigoma tunajua mbu wa huku.

Ndiyo sababu ya vidonge vya SP. Ni 3, unavimeza vyote kwa pamoja mbele ya muuguzi. Unaanza mimba ikiingia mwezi wa 4, kisha unarudia kila mwezi hadi kujifungua, angalau mara 3. Kabla ya hapo SP haitolewi, lakini njoo mara tu ujuapo una mimba, upimwe damu na uulizie chandarua. Anayetumia Septrini kila siku haongezewi SP. Mwonyeshe muuguzi kadi yako.

Vidonge vya kuongeza damu ni vingine. Hivyo unakwenda navyo nyumbani, kimoja kila siku. Choo kitakuwa cheusi. Usiogope, ni dawa. Usivimeze kwa chai, maana chai hupunguza nguvu yake. Vikikutia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula.

Siku ya kliniki ikigongana na siku ya mgao, baba apange foleni. Gunia halimshindi.

Homa ikikupata, SP si tiba yake: nenda zahanati siku ileile ukapimwe. Ukitokwa na damu, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje kuche. Mwamshe mumeo au jirani, mwende usiku huohuo.